Vunja Mshono Uusome: Majibu ya Barua Zenu kuhusu Somo la Kuchomelea

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu somo la kuchomelea vyuma katika shule za sekondari, nikasema natamani kila mwanafunzi ashike rodi, yaani kile kijiti cha waya chenye ganda kinachoyeyuka na kuwa mshono, walau muhula mmoja kabla hajamaliza shule. Barua zikamiminika. Nimefundisha karakana kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kuchomelea matangi, kwa hiyo nitajibu yale ambayo mikono yangu imeyapitia au nimeyaona kwenye mikono ya wanafunzi wangu. Barua nyingine nimezifupisha.

*Mwalimu, mwanangu anaongoza darasa katika hisabati na fizikia. Mwaka huu amechagua kuchomelea kuwa somo lake la ufundi. Mimi na mama yake hatumwelewi. Je, hatazika akili yake kwenye moshi na cheche? — Baba mwenye wasiwasi*

Ndugu yangu, wasiwasi wako naujua. Baba yangu mzazi alikuwa nao, tena kwa binti. Muhula mzima hakuniuliza habari za karakana, aliuliza masomo mengine yote akaliruka hilo moja. Iliniuma, na ndiyo maana nimeitanguliza barua yako.

Kijana anayependa fizikia ataikuta wapi ikiwa hai kuliko pale? Mashine ya kuchomelea hupokea umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo, ikautoa ukiwa wa volti chache na mkondo mkubwa. Tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani kwa mwanga mkali, likishawaka kati ya rodi na chuma, volti huwa 20 hadi 30 tu, ilhali ampea zinaweza kupita 100. Transfoma anayoichora daftarini imo ndani ya lile sanduku, na katika mashine za zamani ataisikia ikivuma. Kuna tofauti kubwa kati ya kukariri kwamba volti zikishuka mkondo hupanda, na kuuona mkondo huo ukiyeyusha chuma mbele ya macho yako, chuma ambacho hakiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi.

Nikupe mfano wa mwanafunzi aliyefanana na mwanao. Alitengeneza fremu ya meza. Alipima kila upande mara mbili, akakata sawasawa, akachomelea pembe ya kwanza mpaka mwisho, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fremu ilipopoa, mguu mmoja ulining'inia hewani. Chuma cha mita moja kikipandishwa joto kwa nyuzi 100 hurefuka kwa takriban milimita 1.2, na kikipoa hurudi. Lakini mshono hupasha upande mmoja tu, kwa joto kubwa mno, kwa hiyo kinapopoa husinyaa upande huo na kuivuta kazi nzima. Kijana alitazama fremu yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua tepu akapima kutoka pembe hadi pembe, mshazari wa kwanza na wa pili, akakuta imepishana, ilhali pembe zote zikiwa mraba mishazari hulingana. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ile kanuni ya pembetatu ya 3, 4 na 5 aliyoijibia mitihani ilikuwa imemrudia mikononi. Fremu ya pili aliishikiza kwanza kwa vishono vidogo kwenye pembe zote, akapima mishazari, akarekebisha, ndipo akachomelea kwa kurukia pembe zinazotazamana. Ilisimama.

Na ukitaka kujua kama kazi hii ina nafasi kwa akili kubwa, someni pamoja habari za meli za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Marekani ilitengeneza zaidi ya meli 2,700 za mizigo zilizoitwa Liberty, na ili kwenda kasi iliacha kuunga mabamba kwa riveti, yaani misumari ya kugongelea, ikayachomelea. Baadhi ya meli zilizochomelewa enzi hizo zilipasuka. Mwezi Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini kwenye maji matulivu huko Portland, Oregon. Wachomeleaji walilaumiwa, na kweli baadhi ya mishono ilikuwa mibovu. Ila uchunguzi ulionyesha pia kwamba chuma chenyewe kilikuwa kinapoteza unyumbufu kwenye baridi na kuvunjika kama kigae, na kwamba ufa ukianza katika mwili uliounganishwa kuwa kitu kimoja, hakuna ukingo wa bamba wa kuusimamisha. Maswali yale yaliisukuma mbele elimu nzima ya namna vyuma vinavyopasuka. Mwanao amechagua somo lenye maswali ya namna hiyo. Muulize leo alichofanya karakana, ndugu yangu. Muulize hivyo hivyo unavyomuuliza hisabati.

*Shikamoo Mwalimu. Rodi yangu inanata kila nikigusa chuma. Wenzangu wanacheka. Nimeharibu rodi nyingi hadi naona aibu kuomba nyingine. — Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Marahaba, mwanangu. Mimi ilininatia wiki tatu. Hebu tuanzie mbali na mkono wako, maana mara nyingi kosa haliko mkononi kabisa.

Angalia kibano cha waya wa ethi. Kimeuma chuma kitupu, au kimeuma kutu na rangi? Umeme unaotoka kwenye rodi lazima urudi mashineni kupitia hapo, na kutu ni mlango uliofungwa. Piga brashi ya waya mahali kibano kinapouma, na mahali unapochomelea pia. Nimewaona wanafunzi wakihangaika kipindi kizima, tukasafisha eneo la ukubwa wa sarafu, rodi ikawaka mara ya kwanza.

Kisha angalia ampea. Kwa rodi za kawaida za kujifunzia hesabu ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa waya wa rodi, bila ganda lake. Rodi ya milimita 2.5 itataka kati ya 75 na 100, ya 3.2 kati ya 95 na 130. Soma pakiti pia, mtengenezaji ameandika kiwango chake. Wanafunzi wengi huweka ampea chini kwa kuogopa, wakidhani umeme mdogo ni salama zaidi, na hapo ndipo rodi inaponata, kwa sababu joto halitoshi kuiyeyusha ncha upesi. Ikiwa unatumia 6013, ambayo ndiyo karakana nyingi za shule huanzia, uko na rodi rahisi kuwasha. Namba yake nayo ina maana: 60 ni nguvu ya mshono kabla haujakatika, yaani pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, ile 1 inakwambia unaweza kuchomelea mkao wowote, na tarakimu ya mwisho huhusu ganda na aina ya umeme. Uliza kama rodi zimehifadhiwa mahali pakavu. Ganda lililokula unyevu husumbua hata fundi mzee.

Sasa mkono. Usigonge, kwaruza. Ifanye ncha ya rodi ipite juu ya chuma kama unawasha kiberiti, halafu inua kidogo mara cheche inaporuka. Nafasi kati ya ncha na chuma isizidi unene wa waya wa rodi wenyewe. Ukiinua sana tao litazimika au litatapika matone kila upande, ukishusha sana litanata.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuambiwa: rodi inakuwa fupi kadiri inavyoyeyuka. Mkono wako unafanya safari mbili kwa wakati mmoja, moja ya kusogea mbele kufuata mshono na nyingine ya kushuka taratibu kuifuata rodi inayopungua. Anayeanza hufanya ile ya kwanza tu, nafasi ikapanuka, tao likazimika, akagonga tena kwa hasira, ikanata. Fanya mazoezi nyumbani bila umeme. Shika penseli ndefu juu ya meza, ncha ikielea juu ya karatasi, itembeze polepole huku mkono wa pili umekikamata kifundo cha wa kwanza na kiwiko kimeegemea. Ilaze penseli kidogo, nyuzi 10 hadi 20 kutoka wima, kichwa chake kikielekea unakokwenda. Dakika kumi kila jioni. Utachoka bega kuliko unavyodhani.

Ikinata, pindua kifundo haraka upande mmoja ibanduke. Ikikataa, iachie kutoka kwenye kishikio cha rodi kabla haijawa nyekundu yote, na kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, ibaki usoni mpaka cheche ziishe. Glavu ziwe kavu.

Ukiweza kuwasha na kuendelea, acha kutazama mwanga. Tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya ncha, jinsi ukingo wake wa nyuma unavyoganda kwa upinde. Hicho ndicho unachokiongoza, rodi ni kijiti tu cha kukilisha. Sikiliza pia. Tao zuri hukaangiza mfululizo kama mafuta ya moto kwenye kikaango. Likilipuka-lipuka, umeinua. Likikoroma na kuzimika, umezama.

Kuhusu rodi ulizoharibu: hizo zilinunuliwa ziharibiwe na wanafunzi. Omba nyingine.

*Mwalimu, tuko wasichana wawili darasani. Kila kipindi cha vitendo tunaambiwa tufagie na kupanga vyuma, wavulana wanachomelea. Mwalimu anasema anatuonea huruma tusiungue. Nimpende au nimkasirikie? — Binti wa karakana*

Binti yangu, mtu anaweza kukuhurumia kwa moyo wake wote na bado akakunyima somo. Mtihani wa vitendo ukifika hutapewa ufagio.

Nenda kwake wewe na mwenzako, nje ya kipindi, mkiwa na karatasi. Andikeni majina ya darasa zima na safu mbili: dakika za kuchomelea, dakika za usafi. Mwombeni mjaze kwa zamu kila kipindi, kila mtu, wavulana kwa wasichana. Mwalimu mwenye nia njema akiona dakika zake zimeandikwa atashtuka mwenyewe. Nasema hivi kwa kuwa mimi nilishtuka. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha niligundua kwamba mvulana mmoja mpole na mnyamavu alikuwa amechomelea kwa dakika chache kuliko wenzake wote, nami sikuwa nimeona. Asiyeonyeshwa hesabu hudhani anagawa sawa.

Kuhusu kuungua: kinachomwunguza mtu ni vifaa vya kinga visivyofaa, na hivyo havijui mvulana wala msichana. Kataa glavu kubwa zinazokuteleza, maana mkono usioihisi rodi huifukuza na kukosea. Omba saizi yako. Nywele zifungwe zikae ndani ya kofia ya kitambaa. Vaa pamba nzito au ngozi, kamwe usivae polyesta, kwa sababu nyuzi hizo huyeyuka zikanatia kwenye ngozi. Suruali iteremke juu ya kiatu isiwe na pindo la kukunja, maana pindo hukamata cheche zikakaa humo zikikuunguza polepole. Kisha chomelea. Enzi za zile meli nilizozitaja juu, wanawake kwa maelfu walifanya kazi hii katika viwanda vya meli vya Marekani na Uingereza, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika rodi kabla ya vita.

*Mwalimu naandika usiku wa manane. Leo nilimshikia rafiki yangu chuma akichomelea, mimi sikuwa na kofia, nilikuwa nageuza uso. Sasa macho yanawaka kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki. Je, nitapofuka? — Mwanafunzi*

Barua yako nimeipata baadaye, na natumaini umeshapona. Naijibu kwa ajili ya wengine, kwa sababu kila mwaka kuna mmoja.

Hiyo ni ngozi ya mbele ya jicho iliyounguzwa na miali ya urujuanimno, kama jua linavyounguza mwili. Maumivu huchelewa saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, ndiyo maana mtu hulala salama akaamka akipiga kelele. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Usifikiche. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na nenda kwa daktari akupime, hasa uoni ukiwa na ukungu au maumivu yakizidi siku hizo. Usitie jichoni dawa ya jirani wala kitu chochote cha jikoni. Na anayevaa lenzi za machoni asiogope ule uvumi kwamba tao huzigandisha kwenye jicho. Ni uongo.

Aliyekosea zaidi ni yule aliyekuwa anachomelea. Kabla ya kuwasha, anayeshika rodi hutamka kwa sauti na husubiri. Kwangu neno ni "Funika!" na asiposikia mwangwi wa kila aliye karibu hawashi. Kioo cha kofia kwa kazi ya rodi kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haifai. Na mwanga unaoruka ukutani ukakurudia nao huunguza, kwa hiyo pazia la karakana si pambo.

*Nilichomelea mabomba ya mabati nyumbani, kwenye stoo. Jioni nilitetemeka kwa baridi, homa, kinywa ladha ya chuma. Asubuhi ilikuwa imeisha. Fundi mmoja kaniambia ninywe maziwa kabla ya kazi. Ni kweli? — Msomaji, mwaka wa tatu*

Si kweli. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Mafundi wengi wazuri wamerithishana imani hiyo na nimewapoteza marafiki kwenye mabishano yake, lakini sitaiacha ipite.

Bati limepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na chuma kilicho chini yake kinahitaji karibu 1,500 kuyeyuka, kwa hiyo kabla mshono haujashika zinki imeshageuka mvuke, ikaungana na hewa ikawa ule moshi mweupe unaoelea kama pamba. Ukiuvuta unapata homa uliyoieleza. Huisha kwa siku moja au mbili, na ndiyo sababu watu huidharau. Mwambie daktari hata hivyo, taja kazi uliyofanya, na ukipumua kwa shida usingoje asubuhi.

Saga zinki yote iishe sentimita kadhaa pande zote za mshono, huku umevaa barakoa ya vumbi inayostahili, na uchomelee mahali penye hewa inayopita. Stoo uiache. Usiinamie juu ya kazi. Kaa pembeni ili moshi upande bila kupitia usoni mwako. Hata moshi wa chuma kisicho na zinki si wa kuchezea: mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Una miaka mingi ya kuvuta hewa mbele yako.

Kwa kuwa unafanya kazi peke yako nyumbani, nakuongezea mawili ambayo naomba uyaandike ukutani. Usichomelee wala kukata pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta, hata kama limekaa tupu miaka na halinuki. Mvuke uliobaki unatosha kulilipua. Na usisafishe chuma kwa dawa za kusafishia breki zenye klorini kabla ya kuchomelea, kwani joto na miali ya tao huweza kuzigeuza gesi ya sumu iitwayo fosijeni.

*Mwalimu mwenzangu, nina wanafunzi 36 na mashine moja. Kipindi ni dakika 80. Kila mmoja anapata dakika mbili na sekunde kidogo, na wengine wanakaa ukutani wakipiga soga. Nimekata tamaa. — Mwalimu wa sekondari*

Mwenzangu, pole. Nimekaa hapo ulipo. Na ukisoma kibandiko cha mashine yako hali ni ngumu zaidi: ikiwa imeandikwa asilimia 60 kwa mkondo fulani, maana yake katika kila dakika kumi inachomelea sita na kupoa nne. Nilipigana na zile dakika nne miaka miwili, nikaunguza mashine moja. Kisha nikazifanya kuwa somo.

Nitakueleza nilikojifunza. Mwalimu wangu wa karakana hakuwahi kuusifu mshono kwa kuutazama. Ulimpelekea kazi yako, naye aliifunga kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akakupa nyundo, akasema neno moja: "Vunja." Mara ya kwanza nilikataa. Nilikuwa nimechomelea vipande viwili kwa umbo la T, mshono wangu umepangana magamba kama ya samaki, ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliufuta kwa kanga yangu. Akasubiri. Nikapiga mara mbili na kipande kikang'oka kizima kizima. Chini ya yale magamba chuma kilikuwa laini, kinang'aa, na alama za msasa wangu zilikuwa bado zinaonekana. Mshono ulikuwa umekaa juu ya chuma kama nta juu ya meza, haukuwa umeingia popote. "Sasa soma," akasema. Nililia kwa uchungu, na sijachomelea tena kwa kumfurahisha anayetazama juu.

Basi fanya hivi. Gawa darasa makundi sita ya watu sita. Kundi moja tu liko kwenye mashine. La pili linakata na kusafisha vipande vya kesho. La tatu linachora mchoro wa kazi kwa vipimo. La nne liko na penseli na karatasi, mkono hewani, kama nilivyomweleza yule wa mwaka wa kwanza. La tano linasimama nyuma ya anayechomelea, likiwa limefunikwa kwa kofia, na kazi yake ni kuandika: ampea ngapi, rodi gani, alichelewa wapi, alikimbia wapi. La sita linavunja na kusoma. Kila baada ya dakika 13 hivi wanahama. Mwanafunzi atapata dakika mbili zake kwenye mashine, nyingine zikiwa za kupoa, lakini atakuwa ameuchunguza mshono kwa dakika 80.

Kundi la kusoma ndilo nililipenda kuliko yote. Waandikie ubaoni wanachotafuta. Sehemu ya kijivu, yenye chembechembe, iliyochanika kwa ukaidi: hapo vyuma viliungana kweli. Sehemu laini au inayoonyesha uso wa bamba la awali: haikuyeyuka, ampea ndogo au mwendo wa kasi. Madoa meusi kama kioo: slagi, yaani mabaki ya ganda la rodi, iliyofungiwa ndani, hakusafisha kabla ya kupita mara ya pili au aliiacha imtangulie. Vitundu kama vya sifongo: unyevu, kutu, mafuta au tao refu lililoruhusu hewa. Wakishajua kusoma vya wenzao huja kwenye mashine wakiwa wameshakosea mara thelathini kwa mikono ya wengine. Na hawachekani tena, hilo nalo nililiona. Mtu uliyeusoma mshono wake kwa makini unamheshimu.

Vipande vilivyovunjika usivitupe. Vikate, vinyooshe, vichomelewe tena.

*Mwalimu, nimekutumia picha ya mshono wangu wa kwanza uliokamilika. Umenyooka, hauna shimo hata moja. Ninafaa? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Picha nimeiona, na nimefurahi. Magamba yamelingana upana, hukupapasa mwanzo wala mwisho, na naona ulipiga slagi yote ikatoka kabla ya kupiga picha. Sehemu ya katikati ulisita kidogo, pale penye kijivimbe. Nadhani ulishusha pumzi.

Zaidi ya hapo picha hainiambii. Funga kipande hicho kwenye jiliwa kikiwa kimepoa chenyewe, bila kukimwagia maji. Vaa miwani ya kinga. Ikiwa umechomelea umbo la T upande mmoja tu, kipige kutoka upande usio na mshono, ili shina la mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, lifunguke kwanza. Piga mpaka kivunjike au kilale kabisa. Kisha nipigie picha ya ndani, mwanga ukitokea ubavuni, uniandikie ampea ulizoweka na namba ya rodi.